Upande wa Pili wa Raketi

Mwaka 1973 nilikuwa mtoto wa miaka 12, na kwetu hakukuwa mbali na Mang'ula, katika bonde la Kilombero, mahali ambapo wajenzi wa reli ya TAZARA walikuwa na karakana yao kubwa. Watu wazima walikwenda kule kutafuta kazi. Sisi watoto tulikwenda kutazama mashine. Jioni moja hatukutazama mashine, tulitazama meza. Mafundi wawili wa Kichina, fulana zao zimelowa jasho, walikuwa wakicheza mpira wa meza chini ya paa la mabati, na ule mpira mdogo mweupe ulikwenda na kurudi kwa kasi iliyoyashinda macho yetu. Tulikaa pale mpaka giza likaingia.

Baada ya siku kadhaa mmoja wa mafundi wale alinikabidhi raketi, akanipangia vidole kimoja kimoja. Hatukuwa na lugha ya kuelewana zaidi ya "rafiki" na "hapana". Alinifundisha kuishika kama mtu anavyoshika kalamu: kidole gumba na cha shahada vikiukumbatia mpini kwa mbele, na vitatu vilivyobaki vikiegemea nyuma. Huko nyuma hakukuwa na kitu. Upande mmoja wa raketi ulibandikwa raba, na upande wa pili ulikuwa mbao tupu.

Nimeishi na mbao ile tupu kwa miaka mingi kuliko nilivyodhani. Naandika habari zake kwa sababu ilinigharimu kitu, na ilimgharimu zaidi mtu mwingine ambaye hakustahili.

Kwa msomaji ambaye hajawahi kucheza, nieleze kidogo. Mchezaji anayetumia mkono wa kulia ana pande mbili za kulinda. Mpira ukija kuliani, huupiga kwa upande wa kiganja, na wachezaji wetu huliita pigo hilo forihendi. Ukija kushotoni, huupiga kwa upande wa mgongo wa mkono, nalo huitwa bekihendi. Forihendi ina nafasi: bega liko huru, kiuno hugeuka, mkono hutoka mbali na kuja kwa nguvu. Bekihendi ni kama mtu aliyebanwa mlangoni. Tumbo lenyewe liko njiani. Na mtu anayeshika raketi kama kalamu taabu yake huzidi, maana hutumia uso uleule mmoja kwa pande zote mbili. Akipelekewa mpira kushotoni hulazimika kukikunja kifundo cha mkono. Ataweza kuusukuma mpira, ataweza kuuzuia, lakini kuukwangua kwa nguvu upae huku ukizunguka ni kazi ngumu sana kwake.

Dawa tuliyofundishwa ilikuwa moja: kuzunguka. Mpira ukija kushotoni kwako, ruka kushoto zaidi ya ulipo mpira, kisha uupige kwa forihendi. Kwa njia hiyo miguu hulipa deni la mkono. Ukiwa kijana, na miguu yako ni myepesi, unaweza kulilipa deni hilo kwa muda mrefu bila kutambua kuwa ni deni.

Hata hivyo, historia ya mchezo huu inaonyesha kwamba upande wa mgongo wa mkono haukuzaliwa dhaifu. Mchezo ulianza Uingereza mwishoni mwa karne ya 19, ukiwa burudani ya sebuleni baada ya chakula. Shirikisho la kimataifa liliundwa mwaka 1926, na mwaka huohuo mashindano ya kwanza ya dunia yakafanyika London. Katika miaka ya 1930 mfalme wa meza alikuwa Viktor Barna wa Hungaria, aliyetwaa ubingwa wa dunia wa mchezaji mmoja mmoja mara tano: mwaka 1930, kisha mfululizo kuanzia 1932 hadi 1935. Silaha yake iliyosifiwa kuliko zote ilikuwa bekihendi. Kiwiko kilitulia, na sehemu ya mbele ya mkono ikafyatuka kama mtego. Raketi za zama hizo zilikuwa na raba nyembamba yenye vinundu, bila sponji, kwa hiyo mpira haukuweza kuzungushwa sana. Katika hali hiyo pande mbili za mchezaji hazikupishana mno kwa uwezo.

Mizani iliharibika baadaye. Mwaka 1952, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Bombay, Mjapani Hiroji Satoh aliingia na raketi iliyobandikwa sponji nene. Wapinzani walikuwa wamezoea kusikia mlio wa mpira unapogonga raketi, na kwa mlio huo walipima kasi. Raketi ya Satoh haikutoa mlio wa kawaida, na mpira ulitoka kwa namna wasiyoitegemea. Alitwaa ubingwa. Zogo kuhusu sponji likaendelea kwa miaka, mpaka mwaka 1959 shirikisho lilipoweka mipaka: raba na sponji kwa pamoja zisizidi unene wa milimita 4.

Sponji ile, ikifunikwa kwa raba laini yenye kunata, iliuwezesha mpira kushikwa kwa kitambo kidogo sana kabla ya kuachiwa. Kitambo hicho kilitosha kuukwangua uzunguke kwa kasi kubwa kuelekea mbele, na hapo ndipo lilipopata nguvu pigo linaloitwa topspini. Wajapani walilikuza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Siri yake iko hewani. Mpira unaozunguka kwenda mbele husukumwa chini na hewa unaposafiri. Kwa hiyo unaweza kuupiga kwa nguvu, ukapita juu ya wavu kwa usalama, na bado ukainama na kutua mezani. Ukishatua, huruka mbele kwa ghafla kama mbuzi aliyekatika kamba.

Sasa, pigo hili jipya lilitaka nafasi, na nafasi iko kwenye forihendi. Wachezaji wengi wa Asia walioshika raketi kama kalamu walijenga mchezo wao juu ya forihendi na miguu. China nayo ilipata mashujaa wake. Rong Guotuan alitwaa ubingwa wa dunia mwaka 1959 mjini Dortmund, akawa Mchina wa kwanza kuwa bingwa wa dunia katika mchezo wowote. Zhuang Zedong akaupata mara tatu mfululizo, mwaka 1961, 1963 na 1965. Huyu wa pili alishambulia pande zote mbili kwa kasi ya ajabu, lakini kwa mapigo bapa ya karibu na meza, si kwa mpira wa kuzungushwa. Nafikiri fundi aliyenipangia vidole pale Mang'ula alikuwa akinipa urithi wa watu hao. Ulikuwa urithi wa heshima, na sina haki ya kumlaumu.

Wakati huohuo, Ulaya walikuwa wakishika raketi kwa namna nyingine, kama mtu anayempa mwenzake mkono wa salamu. Mshiko huo una faida moja ambayo ilichukua muda kuonekana: raketi inakuwa na nyuso mbili, na uso wa pili unatazama kushoto wenyewe, bila kifundo kukunjwa. Mwaka 1971, mjini Nagoya, kijana wa Uswidi mwenye umri wa miaka 18, Stellan Bengtsson, alikuwa bingwa wa dunia. Mwaka 1979, mjini Pyongyang, Wahungaria István Jónyer, Gábor Gergely na Tibor Klampár waliishinda China katika fainali ya timu za wanaume kwa kupiga topspini kutoka pande zote mbili. Ile bekihendi ya Barna ilikuwa imerudi katika nchi yake ikiwa na mavazi mapya.

Pigo kubwa zaidi lilikuja mwaka 1989, tena mjini Dortmund, mji uleule ulioiletea China fahari miaka 30 kabla. Katika fainali ya timu za wanaume, Uswidi iliifunga China michezo mitano kwa bila. Jan-Ove Waldner na mwenzake Jörgen Persson wakakutana pia katika fainali ya mchezaji mmoja mmoja, Waldner akashinda. Mwaka 1991, mjini Chiba, Persson, mtu ambaye bekihendi yake iliogopwa na kila mpinzani, akawa bingwa wa dunia, na timu ya wanaume ya China ikamaliza ya saba. Upande ambao waalimu walikuwa wakiufundisha kuzuia tu ulikuwa umegeuka mlango ulioachwa wazi.

Mimi nilikuwa mwalimu wa sekondari wakati huo, na sikuyajua hayo yote. Nilifundisha Jiografia asubuhi na mpira wa meza jioni, katika shule ambayo sitaitaja. Meza yetu ilitengenezwa na seremala wa mjini. Wavu tuliushona wenyewe. Nilifundisha nilichokijua: kalamu, forihendi, zunguka.

Mwaka 1994 alihamia kwetu kijana wa kidato cha tatu aliyejifunzia mchezo mahali pengine. Alishika raketi kwa salamu. Mpira ukimjia kushotoni hakuzunguka. Alibaki palepale amesimama, akaushusha mkono mbele ya tumbo, akaukwangua mpira kwenda juu na mbele. Nusu ya mipira hiyo ilikuwa ikigonga wavu au kupita mwisho wa meza. Nusu nyingine ilikuwa haizuiliki. Mimi niliona ile nusu ya kwanza tu. Nilimwambia kwamba ule ni mkorogo, wala si mchezo.

Tulikwenda kwenye mashindano ya shule za mkoa. Enzi hizo gemu moja ilichezwa hadi alama 21, na mshindi alikuwa wa gemu mbili kati ya tatu. Kijana alishinda gemu ya kwanza, na alama zake nyingi alizipata kwa bekihendi ile. Wakati wa mapumziko nilimwita pembeni. Nilimwambia kwamba bahati haiji mara mbili, aache mkorogo wake, azunguke na kupiga forihendi kama nilivyomfundisha. Alinitazama, akasema, "Sawa, Mwalimu." Akatii. Mpinzani wake hakuwa mjinga. Kila kijana alipozunguka kwenda kushoto, upande wa kulia ulibaki uwanja mtupu, na mpira uliofuata ukapelekwa hukohuko. Alikimbia huku na huko kama mtu anayezima moto kwenye nyumba mbili. Akapoteza gemu ya pili, akapoteza na ya tatu. Njiani kurudi nilimweleza kwamba hakuwa na mazoezi ya kutosha ya miguu. Muhula uliofuata hakuja mezani tena, na mimi sikumfuata kumuuliza.

Wahenga walisema mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi niliwafundisha watoto namna ya kuyaficha maradhi, na nilipompata aliyekuja na dawa nikaimwaga.

Mambo niliyoyasoma baadaye ndiyo yaliyonifanya nione aibu. China, iliyokuwa na sababu nyingi kuliko mimi za kujivunia njia yake ya zamani, haikung'ang'ania. Iliwakuza wachezaji wa mshiko wa salamu wenye nguvu pande zote mbili, akiwemo Kong Linghui, aliyekuwa bingwa wa dunia mwaka 1995 mjini Tianjin, mwaka ambao China ilirudisha pia ubingwa wa timu kutoka kwa Waswidi. Lakini kilichonigusa zaidi ni habari ya mshiko wa kalamu wenyewe. Hawakuutupa. Waliigeuza raketi, wakautazama ule upande wa nyuma uliokuwa mbao tupu, wakaubandika raba. Kisha wakafundisha kuupiga mpira wa kushotoni kwa uso huo wa nyuma, vidole vikiwa palepale. Liu Guoliang aliifanya dunia nzima ione jambo hilo. Alishinda dhahabu ya Olimpiki ya Atlanta mwaka 1996 na ubingwa wa dunia mwaka 1999. Baada yake akaja Wang Hao, aliyepiga karibu mipira yote ya bekihendi kwa uso wa nyuma, akawa bingwa wa dunia mwaka 2009.

Nilipoisoma habari hiyo niliichukua raketi yangu kuukuu kabatini, nikaigeuza. Ile mbao tupu ilikuwepo muda wote, vidole vyangu vikiigusa kila siku.

Siku hizi hakuna anayebishana. Tangu Ma Lin aliposhinda Olimpiki ya mwaka 2008 kwa mshiko wa kalamu, mabingwa wote wa Olimpiki wa wanaume katika mchezo wa mmoja mmoja, hadi Paris mwaka 2024, wamekuwa wa mshiko wa salamu. Zhang Jike, aliyeshinda London mwaka 2012, aliifanya bekihendi kuwa silaha ya kuanzia mashambulizi hata kwa mpira mfupi unaotua karibu na wavu. Mpira wenyewe nao umebadilika: mwaka 2000 kipenyo kiliongezwa kutoka milimita 38 hadi 40, na mwaka 2014 mashindano makubwa yakaanza kutumia mipira ya plastiki ya aina mpya badala ya seluloidi. Na gemu, tangu mwaka 2001, ni ya alama 11.

Mwaka 2022, nikiwa nimestaafu, nilikutana na yule kijana sokoni. Sasa ni baba wa watu, mvi zimeanza kumwota. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba, mwanangu." Akanikaribisha kwake Jumapili. Barazani kwake palikuwa na meza, na binti yake wa miaka 13 alikuwa akicheza na mdogo wake. Mpira ulimjia kushotoni. Hakuzunguka. Alishusha mkono mbele ya tumbo, akaukwangua.

"Hiyo kaipata wapi?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Ni ile yangu, Mwalimu. Ile uliyonikataza." Alisema bila hasira, kama mtu anayekutajia jina la mtaa.

Nilikuwa nimekwisha panga maneno mengi siku nyingi, lakini yaliyotoka yalikuwa machache. Nilimwambia nilimkosea, na kwamba siku ile hakushindwa yeye, nilishindwa mimi. Alinyamaza. Alimimina chai, akanisogezea kikombe. Kisha akasema, "Ishirini na moja kwa kumi na nane, Mwalimu. Gemu ya tatu." Miaka 28 ilikuwa imepita, na alikuwa bado ana hesabu yake. Sikuwa na la kujibu, naye hakunidai jibu. Baada ya chai akanipa raketi, ya mshiko wa salamu, raba pande zote mbili. "Karibu mezani."

Waliobaki kunifundisha ni yeye na binti yake. Miguu itazame meza, magoti yalegee kidogo. Kiwiko kikae mbele ya mwili, kisibanwe ubavuni, kwa sababu ndicho bawaba ya mlango. Raketi ishuke mpaka usawa wa kitovu, kifundo kikilegea ili kichwa cha raketi kitazame tumbo. Mpira usubiriwe upande mpaka kileleni baada ya kudunda. Kisha mkono ufunguke kutoka kwenye kiwiko, raketi ikiwa imeinama kidogo mbele, iuguse mpira juu kidogo ya mgongo wake na kuukwangua. Ukija mpira uliokatwa, unaozunguka kurudi nyuma, anzia chini zaidi na uifungue raketi kidogo, uunyanyue. Nguvu si nyingi. Anayetumia bega huharibu kila kitu.

Niliyasikia yote, nikayaelewa yote. Lakini kila mpira ulipokuja kushotoni, miguu yangu, miguu ya mzee wa miaka 61, iliruka yenyewe kwenda kuzunguka, kama ng'ombe anayejua njia ya zizini. Mipira ikagonga wavu, mingine ikaenda kwa majirani.

"Babu, usikimbie," akasema yule binti kwa subira kubwa. "Baki hapohapo."

Nikabaki. Nadhani ilikuwa mpira wa arobaini au hamsini. Kiwiko mbele, kifundo kimelegea, nikaukwangua. Ulipita juu ya wavu, ukainama, ukatua mwisho kabisa wa meza, ukaruka. Binti hakuugusa. Nikamgeukia baba yake, naye alikuwa ameinama anaokota mpira uliokwenda chini ya kiti, hakuuona.

"Tena, Mwalimu," akasema, akinirushia.